Vipimo vya Mzio: Cha Ngozi, cha Damu, cha Kubandika, au cha Kula?

Mtu anayeamka kila asubuhi akipiga chafya mfululizo, au mzazi aliyeona midomo ya mwanawe ikivimba dakika chache baada ya kula yai, hatakosa kuambiwa: "Nenda ukapime mzio." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini hakuna kipimo kimoja kinachoitwa kipimo cha mzio. Vipo kadhaa, kila kimoja kinauliza mwili swali lake, na anayechukua kisichomhusu hurudi nyumbani na jibu la swali ambalo hakuwa nalo. Hapa ninalinganisha njia tano ambazo daktari anaweza kukuelekeza: kudungwa ngozi, kupimwa damu, kubandikwa viraka mgongoni, kula chakula kinachoshukiwa chini ya uangalizi, na kuacha chakula kwa muda kisha kukirejesha.

Kabla ya kuchagua: je, kuna haja ya kupima?

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokichukulia kitu kisicho na madhara kama adui. Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna aliyelibuni neno "aleji" mwaka 1906, alikuwa akitafuta namna ya kueleza mwili uliobadilika katika kuitikia kitu baada ya kukutana nacho. Ndiyo maana mtu anaweza kula kitu kwa miaka bila tatizo, kisha siku moja kikamdhuru.

Si kila mwasho au chafya unahitaji maabara. Mtu ambaye mafua yake ya chavua ni mepesi, huja majira yaleyale kila mwaka na kutulia kwa dawa za kawaida, hatapata mengi mapya kwa kupimwa. Tumbo linalojaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa mara nyingi ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na huo si mzio. Hata vipele vya mwasho vinavyotokea na kupotea kwa zaidi ya wiki 6 bila mpangilio unaoeleweka mara chache husababishwa na mzio wa chakula, ingawa wengi wanaougua hali hiyo huacha vyakula kimoja baada ya kingine wakimtafuta mkosaji ambaye hayupo.

Kupima kuna maana pale ambapo majibu yatabadilisha uamuzi. Mifano ni uvimbe wa uso au shida ya kupumua baada ya kula, kuumwa na nyuki au kumeza dawa. Pumu isiyotulia licha ya matibabu. Pua inayoziba mwaka mzima. Upele wa mikono usiopona kwa mtu anayeshika kemikali kazini. Au mtoto mchanga mwenye ukurutu mkali ambaye wazazi wanaogopa kumpa vyakula fulani. Koo linapobana, pumzi inapokata au mtu anapozimia, huo si wakati wa kuwaza kipimo. Ni wakati wa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja na kukimbizwa hospitali. Kipimo cha ngozi baada ya tukio kama hilo kwa kawaida husubiri wiki 4 hadi 6, kwa sababu kikifanywa mapema mwili huweza kuwa umechoka kuitikia na kikatoa hasi ya uongo, yaani kikasema hakuna mzio ilhali upo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa maswali matano. Inagusa mzio wa aina gani? Mgonjwa hufanyiwa nini, na kwa muda gani? Nani anaruhusiwa, na dawa zipi humzuia? Hatari yake ni ipi? Na majibu yakitoka, yanabeba uzito gani? Swali la mwisho nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwani hapo ndipo watu wengi huumizwa.

Mzio wa aina gani

Kuna mzio wa haraka na mzio wa polepole. Ule wa haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa 2 hivi, na huendeshwa na kingamwili iitwayo IgE, iliyotambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Sweden. IgE hujishika kwenye seli zilizobeba histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na kisababishi kinapofika, seli hizo humwaga shehena yake mara moja. Mzio wa polepole hauna IgE. Huendeshwa na chembe nyeupe za damu zenyewe, na huchukua siku 1 hadi 3 kuonekana, hasa kwenye ngozi.

Kipimo cha kudungwa ngozi na kile cha damu vyote viwili hutafuta IgE, kwa hiyo vinagusa mzio wa haraka peke yake: chavua, utitiri wa vumbi, manyoya ya paka, sumu ya nyuki, karanga, yai, samaki. Viraka vya mgongoni hugusa ule wa polepole: nikeli ya hereni na vifungo, manukato, vihifadhi vya vipodozi, rangi ya nywele, kemikali za mpira. Kula chini ya uangalizi hakutafuti kingamwili yoyote, bali huuliza mwili moja kwa moja kama unakistahimili chakula. Kuacha na kurejesha hufaa zaidi kwa matatizo ya chakula yanayochelewa, hasa ya tumbo, ambayo damu na ngozi haziyaoni.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko hapa hapa. Mtu ana upele shingoni unaokuja siku mbili baada ya kuvaa mkufu. Anatoa damu, anaambiwa hana mzio wowote, anarudi nyumbani na kuuvaa mkufu uleule. Maabara haikukosea, swali ndilo lililokosewa.

Kinachofanyika, na muda wake

Kipimo cha kudungwa ngozi kina historia ndefu. Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyesumbuliwa na mafua ya chavua, alijikwaruza ngozi mwenyewe na kuipaka chavua, na mwaka 1873 akachapisha aliyoyaona. Siku hizi mgonjwa huweka mkono juu ya meza, kiganja kikiangalia juu. Muuguzi huandika namba kwa kalamu kwenye ngozi ya ndani ya mkono, huweka tone moja la kimiminika kando ya kila namba, kisha hupitisha ncha fupi katika kila tone, kwa wepesi ambao damu haitoki. Matone mawili si ya kuchunguza mzio: moja ni histamini, ambayo lazima ivimbishe ngozi ya kila mtu, na jingine ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuvimbisha ya yeyote. Bila mawili hayo, mengine hayasomeki. Kinachofuata ni dakika 15 hadi 20 za kuvumilia mwasho bila kujikuna, huku vivimbe vyeupe kama vya mbu vikiinuka mbele ya macho. Muuguzi huvipima kwa rula, na kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Mgonjwa huondoka na majibu siku ileile.

Kipimo cha damu ni chepesi kusimulia: sindano moja mshipani, maabara, na kusubiri siku kadhaa. Damu ya mara moja hutosha kuchunguza visababishi vingi.

Viraka vinadai subira. Njia hii ilianzishwa na Josef Jadassohn mwaka 1895, na msingi wake haujabadilika sana: visahani vidogo vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa sehemu ya juu ya mgongo na kuachwa kwa saa 48. Siku hizo mbili mgongo haupaswi kulowa maji wala jasho, hivyo mtu huoga kwa kujifuta na huacha mazoezi na kazi nzito. Viraka vikishatolewa ngozi husomwa, kisha husomwa tena siku 1 hadi 2 baadaye, na wakati mwingine siku ya 7, kwa sababu baadhi ya kemikali huchelewa kuonekana. Atakayekosa usomaji wa pili atakuwa amefanya nusu ya kipimo, kwa hiyo chagua wiki ambayo una uhakika wa kurudi.

Kula chini ya uangalizi huanza na chembe ya chakula, wakati mwingine ndogo kuliko punje ya mchele, kisha kiasi huongezwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 mpaka kifikie sahani ya kawaida. Baada ya tonge la mwisho mgonjwa hukaa hospitali saa kadhaa akiangaliwa. Tenga siku nzima. Kuacha na kurejesha hufanyika nyumbani kwa wiki 2 hadi 4, mtu akiandika daftarini kila alichokula na alichohisi, kisha chakula kile hurudishwa kwa mpango na kuangaliwa kama dalili zinarudi nacho.

Nani anaruhusiwa, na dawa zipi humzuia

Dawa za mzio za vidonge huzima kivimbe cha ngozi, kwa hiyo husimamishwa kwa siku 3 hadi 7 kabla ya kudungwa, kulingana na aina yake na maelekezo ya daktari. Watu husahau kwamba dawa nyingi za mafua na baadhi ya za usingizi zina kiungo hicho hicho. Dawa ya pumu ya kuvuta isiachwe kwa ajili ya kipimo bila daktari kusema hivyo. Kudungwa hakumfai mwenye ukurutu ulioenea mikononi na mgongoni, wala yule ambaye ngozi yake huvimba kwa kukwaruzwa na ukucha tu, wala ambaye pumu yake haijatulia. Mwenye kutumia dawa za presha au za moyo za kundi la beta-bloka aseme mapema, kwani adrenalini huweza isimsaidie vizuri ikihitajika. Kwa mjamzito, kwa kawaida huahirishwa.

Wote hao ndio ambao kipimo cha damu kinawafaa hasa, kwa sababu dawa za mzio hazikiharibu, hakijali hali ya ngozi, na hakimgusishi mgonjwa na kisababishi. Kwa mtu mwenye ngozi safi, anayeweza kusimamisha dawa na anayetaka majibu haraka, kudungwa kuna nafuu yake, na watoto wachanga pia huweza kudungwa ingawa vivimbe vyao huwa vidogo. Viraka huhitaji mgongo usio na upele wala kuungua jua, usiopakwa krimu za steroidi siku za karibuni, na mtu asiye kwenye vidonge vya steroidi vya kiwango kikubwa. Anayekwenda kula chini ya uangalizi awe mzima siku hiyo, bila homa, na pumu yake iwe imetulia. Kuacha chakula kunamfaa mtu mzima mwenye dalili za tumbo zisizo za hatari. Mtoto anayekua haachishwi maziwa au ngano bila mtaalamu wa lishe kuangalia atakula nini badala yake.

Hatari

Damu haina hatari ya mzio kabisa. Kudungwa huacha mwasho wa saa moja au mbili, na athari ya mwili mzima ni nadra sana, lakini hufanywa mahali penye adrenalini. Viraka huweza kuacha alama kwa wiki kadhaa pale palipoitikia. Kula chini ya uangalizi ndiyo njia yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa lengo lake ni kuona kama mwili utaitikia, na kamwe hakufanywi nyumbani na mtu aliyewahi kuvimba au kukosa pumzi. Kuacha na kurejesha huonekana salama kwa sababu hakuna sindano, na hapo ndipo linapojificha tatizo lake: mtoto mwenye ukurutu aliyekuwa akila yai bila shida, akiachishwa kwa miezi, huweza kupoteza ustahimilivu aliokuwa nao na akapata athari kali siku anaporudishiwa.

Majibu yana uzito gani

Ningetamani kila anayepimwa ajue jambo hili kabla hajatoa mkono wake. Kipimo cha ngozi au cha damu kikiwa chanya, kinasema mwili una IgE dhidi ya kitu fulani. Hakisemi kwamba kitu hicho kinamdhuru mwenye mwili huo. Mtu anayekula karanga kila wiki bila dalili yoyote, kisha kipimo chake cha karanga kikawa chanya, hana mzio wa karanga, na hana sababu ya kuziacha. Wakati mwingine kingamwili iliyoundwa kwa kitu kimoja hukifananisha na kingine: ya chavua ya mti wa mbetula hulitambua tofaa, ya utitiri wa vumbi humtambua kamba, ya mpira wa glavu huitambua ndizi na parachichi. Baadhi ya watu huwashwa kweli kwa mfanano huo. Wengine hawahisi chochote.

Ukubwa wa kivimbe au wa namba ya maabara hueleza uwezekano wa kuwa na mzio, wala hautabiri athari itakuwa kali kiasi gani. Kwa kipimo cha damu, maabara nyingi huchapisha kikomo cha IgE cha 0.35 kU/L, na watu hukisoma kama mstari kati ya mgonjwa na mzima, jambo ambalo sivyo lilivyo. Katika chakula, hasi ya kipimo cha ngozi huaminika zaidi kuliko chanya yake. Kwa baadhi ya vyakula maabara huweza kutafuta protini mojamoja badala ya chakula kizima. Kwa karanga, kingamwili dhidi ya protini iitwayo Ara h 2 inaashiria mzio wa kweli kuliko chanya ya karanga kwa ujumla.

Ndiyo sababu nakataa vifurushi vya kupima vyakula kadhaa kwa mkupuo bila historia ya mgonjwa. Nimewahi kushika karatasi ya majibu ya mtoto iliyopigwa alama nyekundu kwenye maziwa, ngano, yai, soya na samaki, na mama yake akiniuliza kwa sauti ya chini sasa ampikie nini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto huyo alikuwa akila nini kabla ya siku hiyo. Alikuwa akila vyote. Kipimo cha damu cha IgG ya vyakula, kingamwili ya aina nyingine isiyo IgE, kinachouzwa kwa jina la kipimo cha kutostahimili chakula, sikukiingiza katika ulinganisho huu kwa sababu IgG huonyesha tu kwamba mtu amekula chakula hicho, na vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani havipendekezi kukitumia. Kupima unywele nako hakupimi mzio.

Viraka vikiwa chanya, kazi hubaki ya kuoanisha kemikali na maisha ya mtu: kama ni kihifadhi fulani, kimo katika sabuni ipi, krimu ipi, gundi ipi anayoshika? Kula chini ya uangalizi ndiko kunakokaribia ukweli kuliko vyote, kwa sababu aliyemaliza sahani bila athari ameshakula, na hakuna karatasi inayoweza kumpinga. Kuacha na kurejesha uzito wake uko katika kurejesha. Anayejisikia nafuu baada ya kuacha na kuishia hapo hajathibitisha kitu, maana nafuu huja kwa sababu nyingi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa pua na macho vinakusumbua na unafikiria tiba ya kuzoesha mwili kisababishi kidogo kidogo, anza na kudungwa ngozi; ikiwa huwezi kusimamisha dawa au ngozi yako haifai, damu itakupa karibu habari zilezile. Aliyevimba au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki hupimwa ngozi, damu, au vyote viwili, na asisubiri tukio la pili ndipo aende.

Ikiwa ni chakula na dalili zilikuja ndani ya saa 2, andika kwanza kilicholiwa, kiasi, muda, na kilichotokea, kisha upimwe ngozi au damu kwa chakula hicho peke yake. Majibu yakipingana na historia, au yakibaki katikati, kula chini ya uangalizi ndiko kunakomaliza shaka. Ikiwa ni tumbo na dalili huja saa nyingi baadaye, bila uvimbe wala shida ya kupumua, kuacha na kurejesha kwa msaada wa mtaalamu wa lishe kunaweza kutangulia.

Ikiwa ni upele wa ngozi unaofuata kitu unachogusa, kuvaa au kujipaka, omba viraka, na uende na vifungashio vya vipodozi na sabuni zako zote.

Ikiwa uliambiwa utotoni kwamba una mzio wa penisilini, usiuchukue kuwa wa maisha. Nchini Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa mzio huo, na zaidi ya 9 kati ya 10 miongoni mwao wakichunguzwa hukutwa wanaweza kuitumia. Kwa mzio huu uchunguzi huanza na maswali, na kulingana na majibu hufuata kipimo cha ngozi au dozi ya majaribio mbele ya daktari. Usijaribu nyumbani.

Na ikiwa mwanao aligunduliwa ana mzio wa maziwa au yai akiwa mchanga, uliza ni lini atapimwa tena. Watoto wengi huacha mzio huo wanapokua. Kipimo cha ngozi au damu kinachorudiwa kwa vipindi huonyesha kama IgE inashuka, na ikishuka vya kutosha, daktari ataweza kumpa tonge la kwanza hospitalini, mzazi akiwa kando yake.